Roboti ya telefone: ufunguo ukae mkononi mwa kooperative



Siku hizi haipiti saizoni bila komite fulani kupokea mgeni mwenye ordinatere mgongoni. Mgeni anasema: "Tutawatengenezea roboti. Mlimaji ataandika kwenye telefone yake, na roboti itamjibu palepale: bei ya kahawa, siku ya kugawa mbegu, dawa ya mihindi, yote." Wengine kati yetu wanapiga makofi. Wengine wananung'unika kwamba ni maneno ya watu wa mji. Na sisi agronome tunaotembea na ninyi mashambani tunaulizwa kila mara: tukubali ao tukatae?

Jibu letu ni hili: mkubali, lakini kwa masharti matatu. Ufunguo wa roboti ukae kwa kooperative. Roboti isikusanye habari zinazoweza kumletea mwanamemba hatari. Na nyuma ya roboti kuwe mtu anayejulikana. Sharti moja likikosekana, afadhali ubao wa matangazo wa depo na mjumbe wenu wa kijiji, kama zamani.

Roboti hiyo ni kitu gani?

Neno lisiwaogopeshe. Roboti ya mazungumzo si mashini yenye mikono na miguu. Ni programu tu, inayofanya kazi ndani ya ordinatere moja mahali fulani, na inayojibu ujumbe kama vile mtu angejibu. Telegram, ile njia ya kutumiana ujumbe inayofanana na WhatsApp, ilifungulia roboti za namna hiyo mlango mwezi wa 6 mwaka 2015. Tangu hapo mwenye konti ya Telegram anaweza kuunda roboti yake bila kulipa kitu. Anaandikia konti moja ya Telegram yenyewe, inayoitwa BotFather, anachagua jina, kisha anapewa ufunguo: mstari mrefu wa tarakimu na herufi. Programu inayoonyesha ufunguo huo ndiyo inayoruhusiwa kusema kwa jina la roboti.

Sasa, kuzungumza na mlango wa Telegram kuna kazi nyingi ndogo ndogo: kuuliza kama kuna ujumbe mpya, kuufungua, kujua nani ameutuma, kurudisha jibu, kujaribu tena intaneti ikikatika. Hakuna kijana anayehitaji kuandika hayo yote upya. Kuna maktaba. Hapa maktaba si nyumba ya vitabu. Ni kama sanduku la vyombo vya programu vilivyokwisha kutengenezwa. Moja inayotumiwa sana inaitwa python-telegram-bot. Nayo ilianza mwaka 2015, kwa wale wanaoandika programu katika lugha ya Python. Ni bure. Inatunzwa na watu wa kujitolea, na kila mtu anaruhusiwa kuisoma, kuitumia na hata kuibadilisha. Ni kama jembe: sisi hatuyeyushi chuma kabla ya kulima. Tunachukua jembe, tunatia mpini, tunaingia shambani. Vilevile kijana aliyejifunza Python vizuri anaweza, kwa mistari michache tu, kuiambia roboti kwamba mtu akiandika "/bei" apewe bei ya leo.

Tunawaeleza haya juu ya nini? Juu ya franga. Akija mtu kuwaambia kwamba sanduku hilo la vyombo peke yake linagharimu maelfu ya dola, mmuulize anauza kitu gani. Vyombo ni bure. Mnachomlipa ni jasho lake, na jasho lina haki ya kulipwa. Kisha kuna gharama nyingine za kweli: ordinatere inayowaka usiku na mchana ao nafasi ya kukodi kwenye seva, mega za intaneti, na mtu wa kuandika majibu. Hizo zote ziandikwe kwenye karatasi, moja moja. Bei isiyofafanuliwa ni kama gunia lisilopimwa.

Faida ipo

Hatutaki kukana faida. Tuseme komite imekaa na kukubaliana juu ya bei ya kilo ya kahawa mbivu. Leo sekretere anapigiwa simu mara hamsini, na mwenye kuishi nyuma ya mlima hapati habari mpaka siku ya soko. Katikati hapo mnunuzi wa njiani anamkuta mama na kapo lake, anamwambia: "Bei imeanguka, mama, haujasikia?" Kama mama huyo ao mtoto wake angeweza kuuliza roboti ya kooperative, angepata palepale bei ileile iliyoandikwa depo. Na ujumbe wa maandishi unakula mega kidogo sana.

Ndivyo ilivyo kwa siku ya gari kupita, saa ya mkutano, kiasi cha mbegu kilichobaki. Ni maswali yenye jibu moja, yanayorudi kila siku, na jibu lake liko tayari mikononi mwa komite. Kwa maswali ya namna hiyo roboti ni mfanyakazi mzuri: haichoki, haibagui, haisemi "rudi kesho".

Lakini tupime vizuri inafika wapi. Wengi wetu tuko kwenye WhatsApp, si Telegram. Na wengi zaidi, hasa akina mama na wazee, wana telefone ndogo ya kubonyeza ambayo haijui hii wala ile. Meta, kampuni yenye WhatsApp, ilifungulia biashara zote mlango wake mwaka 2022, lakini kwa masharti: konti ya biashara, kanuni za kampuni, na malipo kwa aina fulani za ujumbe. Ndiyo maana vijana wengi wanaanza na Telegram. Wengine wanachukua njia ya panya: wanatumia maktaba zisizotambuliwa na WhatsApp, zinazojifanya kama mtu anayeandika kwa mkono. WhatsApp inakataza jambo hilo na inaweza kufunga namba inayolifanya. Kama ni ile namba ya kooperative ambayo wanunuzi wote wanaijua, hasara ni ya nani? Msikubali namba yenu ichezewe hivyo.

Kwa hiyo roboti ni kijito kimoja, si mto wote. Ubao wa depo, redio ya jamii na mjumbe wa kijiji wabaki.

Sharti la kwanza: ufunguo

Mwenye ufunguo wa roboti ndiye mwenye mdomo wa kooperative. Fikirieni vizuri maneno haya. Siku moja kabla ya mnunuzi mkubwa kufika, wanamemba wote wanapata ujumbe: "Bei imeshuka, uzeni leo." Jina ni la roboti yenu, picha ni ya roboti yenu. Mlimaji atajuaje kwamba komite haikusema? Atakayeandika maneno hayo hahitaji kuvunja mlango wa ofisi. Anahitaji ule mstari mmoja wa tarakimu na herufi, basi.

Na mara nyingi mstari huo uko wapi? Uko kwenye telefone ya kijana wa proje. Roboti iliundwa kwa konti yake, kwa namba yake mwenyewe. Proje ikiisha anapata kazi Kinshasa ao Kampala, na mdomo wa kooperative unaondoka naye mfukoni. Si lazima awe mtu mbaya. Ni kwamba hakuna aliyemuuliza.

Dawa yake si ngumu. Kooperative inunue laini yake, iandikishwe kwa jina la kooperative, na konti ya Telegram ifunguliwe kwa namba hiyo. Konti iwekwe neno la siri la pili, ili mtu akiiba laini asiweze kuingia. Roboti iundwe kutoka konti hiyo. Kama ilikwisha kuundwa kwa konti ya mtu, BotFather anajua kuihamisha kwa mwenyewe mpya. Na kila mara anayeujua ufunguo anapoacha kazi, komite iombe ufunguo mpya kwa BotFather: ule wa zamani unakufa saa hiyohiyo. Tunabadilisha kufuli ya depo mtunza depo akiondoka. Hapa ni vilevile. Ufunguo usitumwe kwenye grupu ya WhatsApp, usibandikwe ukutani. Watu wawili wa komite waujue, na jina lao liandikwe kwenye kitabu cha mkutano.

Sharti la pili: daftari

Maktaba hizi zina vyombo vizuri vya kuuliza. Kwa mistari michache, roboti inaweza kumwonyesha mlimaji kitufe: akigusa, namba yake ya telefone inatumwa. Akigusa kingine, mahali anapoketi panatumwa, kwenye ramani, karibu kabisa na mlango wake. Na kwa kuwa ni rahisi kuuliza, watu wa proje wanauliza mengi: jina, kijiji, mahali, hekta, kilo zilizovunwa, siku ya malipo. Wanasema ni kwa ajili ya ripoti.

Ndugu zetu, sisi tunakaa Mashariki ya Kongo. Hatuhitaji kuelezwa orodha ni kitu gani. Orodha ya nani ana magunia mangapi, anakaa wapi na atalipwa siku gani, ni orodha ya nani wa kuvamiwa usiku. Ikikaa kwenye daftari ndani ya sanduku la sekretere, mwizi lazima afike kwenye sanduku. Ikikaa kwenye seva, inaweza kunakiliwa bila mtu kusikia mlango ukilia. Mjue pia kwamba mazungumzo na roboti hayafungwi kama yale mazungumzo ya siri ya Telegram kati ya watu wawili. Kila unachoandikia roboti kinasomwa na programu yake, na aliyeiweka programu anaweza kukihifadhi na kukisoma.

Kwa hiyo maoni yetu ni makali hapa. Roboti isiulize mahali mtu anapokaa. Mwanamemba ajulikane kwa namba yake ya kooperative, na jina libaki kwenye daftari la ofisi. Kilo na malipo ya mtu binafsi yasipite kwenye roboti hata kidogo. Hayo yasemwe ana kwa ana, na karatasi itolewe. Yale machache yanayokusanywa yafutwe saizoni ikiisha, na komite ishuhudie. Hii si busara yetu tu: nchi yetu ina sheria ya mambo ya dijitali, inayoitwa kwa Kifaransa Code du numérique, iliyotolewa tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka 2023, na inalinda habari za mtu binafsi. Proje ikisema "wafadhili wanahitaji", mjibu: wafadhili wanahitaji jumla, hawahitaji mlango wa nyumba ya mtu.

Sharti la tatu: mtu nyuma ya roboti

Hapa tunasema kama agronome. Tuseme mlimaji anaandikia roboti: "Migomba yangu inakauka, majani inakuwa manjano, nifanye nini?" Roboti iliyotengenezwa haraka inaona maneno mawili, "migomba" na "manjano", na inatoa jibu lililowekwa hapo. Jibu gani?

Kama ni mnyauko wa bakteria, ule uliotambuliwa kwetu Masisi mwaka 2001, ndizi zinaiva kabla ya wakati, ndani zimeoza, na ukikata shina unaona maji mazito ya manjano yakitoka. Huo unasafirishwa na panga. Lazima shina lenye ugonjwa likatwe, panga lipitishwe kwenye moto ao kwenye maji ya javele kabla ya kugusa mgomba mwingine, na ua dume liondolewe kwa kijiti chenye panda, si kwa panga. Kama ni mnyauko wa fusari, majani ya chini ya zamani yanaanza, yananing'inia kuzunguka shina, shina linapasuka chini, ndani kuna rangi nyekundu ya udongo, lakini hakuna maji ya manjano na ndizi haziozi. Huo unakaa ndani ya udongo miaka mingi, na hapo shauri ni kupanda aina nyingine inayouvumilia. Kuna pia ukosefu wa mbolea tu, ao jua kali.

Majani ya manjano ni yaleyale. Shauri ni mbalimbali. Mwenye kupewa jibu lisilo lake atakata shamba bila sababu, ao ataacha panga lieneze ugonjwa kijiji kizima. Roboti haina macho ya kuangalia shina lililokatwa. Kazi yake nzuri ni kuuliza: "Umekata shina? Umeona maji ya manjano? Ndizi zimeiva mapema?" Kisha ipitishe majibu na picha kwa mtu: agronome ao mlimaji mwenye uzoefu aliyechaguliwa na kooperative. Na roboti imwambie mlimaji wazi ni nani atakayemjibu, na siku gani.

Kuna jambo lingine ambalo wenye kuuza roboti hawalisemi. Telegram inatunza ujumbe unaoisubiri roboti kwa muda usiozidi saa 24. Ordinatere ikizimwa siku mbili kwa kukosa umeme, maswali ya siku ya kwanza yanapotea. Lakini kwenye telefone ya mlimaji ujumbe unaonekana umetumwa. Atasubiri, atachoka, atasema: "Komite imenidharau." Kwa hiyo roboti isiwekwe kwenye ordinatere ya ofisi inayotegemea umeme wa kukatika-katika. Kama hakuna njia nyingine, tangazo la kwanza la roboti liseme: "Usipopata jibu leo, piga simu namba hii."

Jembe nalo linachakaa

Msifikiri kwamba roboti ikiisha kutengenezwa kazi imekwisha. Mwezi wa 1 mwaka 2023 python-telegram-bot ilitoa toleo lake la 20, na namna ya kuandika programu ilibadilika sana. Wenye roboti za zamani waliotaka kuhamia toleo hilo walilazimika kurekebisha programu zao. Maktaba nyingine, discord.py, ya kutengeneza roboti za mazungumzo ya Discord, inafundisha zaidi. Mwezi wa 8 mwaka 2021 mtunzaji wake mkuu alitangaza kwamba anaacha, kwa kuwa hakukubaliana na masharti mapya ya kampuni ya Discord. Roboti nyingi zilikuwa zinasimama juu ya kazi yake. Kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi kwa wote, watu wengine waliuchukua wakaendelea nao, na yeye mwenyewe alirudi mwezi wa 3 mwaka 2022.

Tunajifunza nini? Kitu kilicho wazi kwa wote hakifi kwa urahisi, lakini lazima kuwe mtu wa kukiokota. Kwa hiyo katika mapatano na proje, msiombe roboti tu. Ombeni msimbo wake wote ukabidhiwe kooperative, na vijana wawili wa kwenu, msichana na mvulana, wafundishwe kuutunza. Wawili, kwa sababu mmoja anaweza kuolewa mbali ao kwenda kusoma.

"Sisi ni walimaji tu"

Tunasikia wazee wakisema: "Mambo hayo ni ya wasomi, sisi ni walimaji tu." Hatukubali. Zamani mnunuzi alikuja na mizani yake, na kilo 60 zikawa kilo 52, na hakuna aliyesema kitu kwa sababu mizani ilikuwa kitu cha wasomi. Leo kooperative nyingi zina mizani yao, na mama asiyejua kusoma kitabu anajua kuangalia kama sindano iko kwenye sifuri kabla ya gunia kuwekwa. Hakuna aliyemfundisha kutengeneza mizani. Alijifunza tu mahali pa kuangalia.

Na roboti ni vilevile. Hamhitaji kujua kuandika Python. Siku mgeni mwenye ordinatere atakapofika kwenye mkutano, mwekeni mbele ya wanamemba wote, mmuulize maswali haya, na majibu yake yaandikwe na kutiwa saini:

Konti iliyounda roboti ni ya namba ya nani?

Nani na nani wanaujua ufunguo, na utabadilishwa lini?

Roboti itauliza mwanamemba vitu gani, vitakaa wapi, na vitafutwa siku gani?

Umeme ukikosekana siku tatu, nini kitatokea?

Swali ambalo roboti haijui litamfikia nani?

Proje ikiisha, nani kati yetu ataitunza, na kwa franga gani?

Akijibu yote vizuri, mpeni kiti na mfanye kazi pamoja. Akisema "hayo tutayaona mbele", mmwambie arudi nyumbani kuyaona kwanza, kisha aje. Kahawa yenu haitaoza kwa kumsubiri.